Jumapili Yetu Ilikuwa Jumanne

Nilisikia kengele kabla sijaona kitu. Simu ilikuwa imeita nikaipokea, lakini kioo kilibaki cheusi, kana kwamba mtu ameilaza kifudifudi mezani, na ndani ya weusi ule shaba iligonga shaba mara tatu, ikanyamaza, kisha mchi ukaanza kusaga taratibu, kitunguu saumu na bizari nzima, sauti ninayoijua kuliko sauti yangu mwenyewe. Sikusema halo. Huku kwangu London giza la asubuhi ya Januari lilikuwa bado limebandika dirishani, na nilikaa kitandani nikisikiliza mpaka kusaga kukaisha. Ndipo simu ikainuliwa, na uso wa Bakari ukatokea, mvi zimemjaa kidevuni, nyuma yake jua la jioni ya Melbourne. "Leo Jumanne, Atu," alisema. "Nimempigia kengele." Tulikuwa tumemzika Shangazi Tusa majuma mawili kabla, kwao Rungwe, mvua ikinyesha, na watu wengi walikuwa wameshanipa pole kwa maneno mazuri. Hakuna aliyenipa pole kama ile shaba. Baada ya kukata simu niligundua kwamba sikumwuliza swali lolote, nami nina maswali ya mwaka mzima, mwaka ule tulioishi watatu Edmonton, hukuhuku London, na kuihamisha Jumapili kama watu wanaohamisha kabati.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa uhasibu nisiyependa hesabu. Shangazi alinipa chumba kilicho juu ya jiko, kidogo kiasi kwamba mlango ulikigonga kitanda kabla haujafunguka wote. Sakafuni palikuwa na tundu la kupitishia bomba la joto, na aliyelitoboa alikuwa na haraka, maana tundu lilikuwa kubwa kuliko bomba. Basi maneno ya jikoni yalipanda kwangu pamoja na harufu. Mpaka leo nikiandika mazungumzo ya watu huwa nayaandika hivyo, kutoka juu, bila nyuso, yakiwa na mvuke wa wali. Mtu asiyeonekana husema mambo mawili, lile analolisema na kule anakolipeleka, na hilo la pili nilijifunza kwa kulala kifudifudi juu ya zulia la rangi ya maji ya chai, sikio karibu na bomba, nikisikia Shangazi na Bakari wakibishana kama kitunguu kinatangulia mafuta au mafuta yanatangulia kitunguu. Nilidhani wakati ule wanabishana juu ya kitunguu.

Shangazi alikuwa mlezi katika nyumba ya kutunzia wazee, mwendo mfupi wa basi kutoka kwetu. Bakari, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mtu wa Tanga, alikuwa mpishi wa nyumba hiyohiyo. Wote wawili walifanya kazi kila Jumamosi na kila Jumapili, kwa sababu wikendi ililipwa zaidi, na nyongeza ile ndiyo iliyomwezesha Shangazi, na Bakari pia, kuiacha Jumanne bila shifti yoyote. Kwa kuwa Jumapili ameiuza, alisema, ataiweka Jumanne, Mungu hana shida na kalenda. Na hakuiweka kwa mzaha. Jumanne asubuhi nguo zilinyooshwa. Kitenge kilitoka na wanga wake. Hakuna aliyeruhusiwa kushuka ngazi kwa ndala. Sebuleni Shangazi alisoma neno, akaimba wimbo mmoja kwa sauti ya kwanza nami nikamfuata kwa sauti yoyote niliyoipata, na kwa kuwa Jumanne ndiyo siku ya gari la taka mtaani kwetu, tenzi zangu zote za ujanani zina ndani yake mngurumo wa mapipa yakimiminwa. Bakari, ambaye ni Mwislamu, alibaki jikoni kwa heshima, akitwanga viungo katika kinu cha shaba ambacho Shangazi alikinunua mtaa wa Neasden kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Kampala. Nyama ilinunuliwa kwenye bucha ya halali kwa ajili yake. Kila sala ilipoisha, amina yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, kutoka jikoni.

"Unaitikia sala au unaitikia chakula?" Shangazi aliuliza.

"Dada Tusa, kwetu Tanga vitu hivyo havijatenganishwa."

Kisha Bakari aliugonga ukingo wa kinu kwa mchi, mara tatu, ndiyo kengele yetu, nasi tukakaa. Pilau, kachumbari, ndizi mbivu za kukaanga, na chai ya maziwa baadaye, kwa sababu Shangazi aliamini kwamba maji baridi juu ya pilau ni uhalifu. Kiti cha Bakari kilikuwa kile kinachogusa mabomba ya joto. Nje, London yote ilikuwa kazini. Jirani wa kushoto, mama wa Kituruki, aliwahi kuniuliza kwa uangalifu kama dini yetu ni mpya.

Sasa nasema jambo ambalo mwaka wote lilining'inia juu yetu, kama taa juu ya meza. Bakari alikuwa na shemeji Melbourne, mpishi wa mgahawa, na shemeji huyo alikuwa amemwambia kwamba kule Jumapili hulipwa karibu maradufu. Viza ya kazi ilikuwa imeshatoka. Kilichobaki ni yeye kuamua. Huku kwetu, uvumi ulikuwa umeanza kwamba nyumba ya wazee inataka kuifuta nyongeza ya wikendi. Bakari alilisema mezani, mbele ya pilau, mkono wake ukipapasa kiti: "Wakiigusa wikendi, naondoka. Wasipoigusa, nazeekea hapahapa, kwenye kiti hiki." Shangazi alimwongezea nyama. Mtu ambaye hakuwahi kuishi juu ya tundu la bomba angedhani hakusikia.

Ili aijue nchi anayoweza kwenda, Bakari alianza kuitazama. Aliegemeza tableti kwenye mtungi wa maji, katikati ya kachumbari na chumvi, na tukala Jumapili yetu ya Jumanne pamoja na bunge la Australia. "Huwezi kuhamia kwa watu usiojua wanagombania nini," alisema. Nilipenda sana kuwatazama. Nilikuwa sijawahi kuona watu wazima wenye tai wakizomeana juu ya siku. Upande mmoja ulitaka kampuni zipunguziwe kodi, na katika miezi hiyohiyo malipo ya Jumapili ya wapishi, wahudumu na wauza maduka yalikuwa yanapunguzwa. Upande wa pili ulisimama na kuuliza inawezekanaje haya mawili yakatembea pamoja. Wakacheka kwa dharau, wakapigiana meza. Mmoja alikunywa maji kwa utulivu wa mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi Jumapili.

"Wanasemaje?" Shangazi aliuliza, mgongo wake ukiwa kwenye tableti, maana alikataa kuipa nafasi ya mgeni.

"Kodi ya makampuni ishuke."

"Na Jumapili?"

"Na Jumapili nayo ishuke."

"Kwa hiyo mwenye hoteli anapunguziwa kodi, na anayemwoshea sahani anapunguziwa Jumapili."

"Unasikiliza upande mmoja, Dada. Mwenye hoteli akibaki na chochote atafungua jiko la pili. Jiko la pili linamtaka nani? Linamtaka Bakari."

"Au atanunua boti."

"Boti nayo ina jiko."

Nilicheka mpaka wali ukaniingia puani. Lakini siku hiyohiyo mbunge mmoja mwenye sauti laini alisimama akasema kwamba dunia imebadilika, kwamba Jumapili siku hizi ni siku kama siku nyingine, na Bakari akaitikia kwa kichwa. "Hapo kasema kweli," alisema. "Mimi siku yangu ni Ijumaa. Nani aliwahi kunilipa zaidi kwa ajili ya Ijumaa?"

"Hakuna," Shangazi alisema. "Ila kila Jumapili unalipwa kwa sababu ya Jumapili yangu. Kwa hiyo nyamaza, ule."

Alinyamaza, akala. Nami nikabaki na swali ambalo halijaniacha: je, siku inaweza kuwa mali ya mtu? Bakari alikuwa anadai jambo la haki, na alikuwa anakula matunda ya dai la mwenzake, na vyote viwili vilikaa vizuri kwenye sahani moja. Nilikuwa nafundishwa chuoni kwamba kila kitu kina upande wa kuingia na upande wa kutoka. Meza ile haikukubali.

Majira ya kuchipua yalipofika uvumi ukawa tangazo. Meneja wa nyumba ya wazee, mwanamke aitwaye Fiona, mpole, mwenye kikohozi kisichopona, aliwaambia wafanyakazi kwamba nyongeza ya wikendi inapendekezwa kuondolewa. Hawatauhisi upungufu sana, alisema, kwa sababu serikali nayo inazungumzia kupunguza kodi, na kitakachotoka mkono huu kitarudi kwa mkono ule. Kungekuwa na mkutano, na wafanyakazi wangetoa maoni. Wenzake walimchagua Shangazi kuwasemea, kwa kuwa ndiye aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote na ndiye pekee ambaye Fiona alimwita kwa jina bila kuangalia beji. Jioni ile, kupitia tundu, nilimsikia akimweleza Bakari mkakati wake.

"Kwanza namlisha."

"Unamlisha nani?"

"Fiona. Namwita aje Jumanne. Mtu hawezi kula kwako halafu akakunyang'anya."

"Kwetu hawezi," Bakari alisema. "Kwao sijui."

"Tumbo halina kwao."

Basi akaja. Naikumbuka kila sahani. Shangazi alikuwa amepiga deki mpaka ngazi zikanuka limau. Pilau lilikuwa na nyama nyingi kuliko siku ya Krismasi. Palikuwa na samosa, palikuwa na kuku wa nazi aliyepikwa na Bakari baada ya kuomba ruhusa mara mbili ya kuingilia jiko la watu. Fiona alivua viatu mlangoni bila kuambiwa na hapo hapo nikampenda. Alileta maua na chupa ya mvinyo. Maua yalipata chombo, mvinyo Bakari aliupokea kwa mikono miwili na kuutunza chini ya sinki, karibu na sabuni. Fiona alikaa nasi wakati wa kusoma neno. Wakati wa wimbo aliinamisha kichwa, na gari la taka lilipopita hakugeuka. Kengele ilipogonga alishtuka, akatabasamu, akauliza tena na tena jinsi tunavyofanya: kila Jumanne? Nguo hizi zote? Na Shangazi, ambaye hakugusia mshahara hata kwa neno moja, kwa sababu kwetu mgeni haombwi kitu akiwa na tonge mkononi, alimweleza yote kwa fahari. Hii ndiyo Jumapili yetu, alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. Tumeibeba kutoka kule tukaiweka hapa, na haijapungua chochote.

Nilimwona Bakari akiacha kutafuna.

Fiona alilia kidogo alipokuwa anavaa viatu. Alisema mama yake alikuwa akipika Jumapili, zamani, na kwamba baada ya kumzika hakuna aliyepika tena. Shangazi alimkumbatia, akamfungia pilau kwenye kopo. Mlango ulipofungwa, Bakari alirudi kwenye kiti chake, akaondoa punje moja ya wali kwenye kitambaa cha meza, akaitazama.

"Dada Tusa, umemlisha hoja."

"Hoja gani?"

"Utaiona mkutanoni."

Sikuwepo mkutanoni. Niliusikia kwa tundu, alasiri, Shangazi akiwa bado na koti. Fiona alikuwa amesimama mbele ya wote na kusema, na macho yake yalikuwa na maji, kwamba Tusa amemfundisha jambo kubwa mwaka huu. Kwamba amekwenda nyumbani kwake na kuona kwa macho yake kuwa Jumapili ni kitu ambacho familia hukibeba moyoni na kukiweka siku yoyote inayowafaa. Kisha akamkaribisha Tusa aseme. Na watu wote, walezi, wafagiaji, wasichana wa usiku walioamka ili waje, wakamgeukia Shangazi.

"Ukasema nini?" Bakari aliuliza.

"Nilisema asante."

Maji ya birika yalichemka, birika likajizima.

"Nilikuwa bado nalitafuta neno," alisema. "Limekuja kwenye basi. Nikikupa kitanda changu nikalala chini, na nikalala vizuri, nikaamka nacheka, haina maana kwamba kitanda kile hakikuwa changu. Walikuwa wananilipa kwa sababu nalala chini."

"Hilo ndilo ungelisema kule."

"Kule lilikataa kuja kwa Kiingereza."

Nimewahi kuwasimulia marafiki zangu waandishi kisa hiki, na wote humtaka Fiona awe mjanja. Wanauliza kama machozi yale yalikuwa ya kweli. Mimi nadhani yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linalonisumbua na kunivutia zaidi. Alikula, akaguswa, na alichoguswa nacho ndicho alichokitumia, labda bila kujua, kama mtu anayekata jani la mgomba kujikinga mvua huku akilisifia uzuri. Mbunge wa sauti laini hakuwahi kula kwetu, lakini alilifikia neno lilelile. Nami najiuliza bado: kama Shangazi angemwalika siku ya mfungo, akamkalisha kwenye nyumba baridi, yenye watu waliochoka na nguo za kazi juu ya kamba, je, wikendi ingebaki? Lakini asingeweza. Hakujua njia nyingine ya kuomba isipokuwa kuonyesha alivyo navyo.

Nyongeza ilifutwa. Rota mpya ya zamu ilipotoka Shangazi alikuwa ameomba shifti ya Jumanne mwenyewe, maana bila ile ya wikendi ilibidi aongeze siku, na Jumanne ndiyo iliyokuwa tupu. Badala yake alipata mapumziko baadhi ya Jumapili, zile halisi. Kodi ilishuka kwa kiasi ambacho Bakari alisema anahitaji miwani ili akione. Akaanza kufungasha mizigo. Kule nako walikuwa wanaendelea kuipunguza Jumapili, Shangazi alimkumbusha, akikoroga sukari ambayo ilikuwa imeshayeyuka.

"Kule wanaipunguza kidogo kidogo," alisema Bakari. "Hapa wameikata mara moja."

"Sasa unakwenda kufuata kitu kinachoisha."

"Dada Tusa." Kiti kilisogezwa, niliisikia miguu yake ikikwaruza sakafu. "Mimi nimesema mambo mengi mezani hapa. Kodi, makampuni, boti. Ukiniambia nisiende, siendi."

Nililala juu ya zulia lile, sikio kwenye bomba. Nilijua, kwa umri wangu wote wa miaka ishirini na moja, kwamba hakuna mtu aliyekuwa anazungumzia mshahara tena. Chini yangu bomba la sinki lilifunguliwa, maji yakaanza kutiririka kwa nguvu, na yakatiririka muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo. Nimejaribu kukijaza kimya kile katika hadithi mbili nilizoandika na zote mbili nilizitupa. Shangazi alikuwa mjane mwenye kanisa, na Bakari ni mtu wa msikiti; alikuwa na ndugu wa kusema na wasiosema; au labda alikuwa amechoka kuwa mtu anayetoa kitu chake na kuambiwa kwamba hakukihitaji. Au aliogopa kwamba neno lingekataa kuja hata kwa Kiswahili. Sijui. Nilipoyasikia maji yakifungwa, Bakari alikuwa ameshapanda chumbani kwake.

Aliondoka Jumapili, Jumapili ya kweli ya kwanza ambayo Shangazi hakuwa kazini. Mtaa ulikuwa na utulivu nisioujua, hakuna gari la taka, na jua lilikuwa limekaa kwenye ngazi kama mgeni asiyejua pa kuketi. Shangazi alishuka amevaa kitenge chenye wanga na viatu vya visigino. Alikuwa amebeba kinu cha shaba kimefungwa kwa kanga, na alikiweka juu ya sanduku la Bakari pale koridoni, bila kumtazama.

"Dada, hiki kitanizidishia uzito uwanjani."

"Toa viatu. Kule watu wanatembea pekupeku."

"Na nyinyi mtatwangia nini?"

"Nani atatwanga? Jumanne niko kazini."

Bakari alipiga magoti, akaifungua kanga. Alikishika kinu kwa mkono mmoja na mchi kwa mkono wa pili, na kwa muda nilidhani anakagua kama kimepasuka. Teksi ilikuwa haijafika. Kisha akaugonga ukingo, mara tatu, kama alivyogonga mwaka mzima, na sauti ikajaa koridoni, ikapanda ngazi, ikaingia mpaka chumbani kwangu kwa tundu lake. Meza ilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa amepika. Shangazi alisimama, mkono wake ukiwa kwenye kitasa, mgongo wake kwetu, na alisimama mpaka shaba ikanyamaza kabisa.

"Leo si Jumanne, Bakari," alisema. "Leo ni Jumapili, na mimi nachelewa kanisani."

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.